Upawa Hauombwi

Hivi wewe umewahi kuharibu chakula chako mwenyewe kwa makusudi, ukiwa na akili zako timamu na hakuna aliyekushika mkono? Mimi nimewahi. Ilikuwa Jumamosi ya Septemba, mwaka juzi, siku ya kufunga mizigo, na nilitumia ile chumvi ya chenga kubwa ninayoiweka kwa ajili ya kusindika matango. Kikombe kizima, juu ya chumvi ya kawaida iliyokuwa imeshaingia.

Kabla hujaniona mwendawazimu ngoja nikueleze, na nitaeleza polepole, maana jambo lenyewe lilichukua miaka kumi na tisa kuiva.

Kwetu hapa Wyoming, chini ya mlima, vuli haianzi kwa kalenda. Inaanza asubuhi ile unapofungua mlango wa nyuma ukasikia dume la elki, yule kulungu mkubwa wa milima yetu, likilia huko juu, sauti nyembamba kama bawaba iliyokosa mafuta, na mume wako anaacha kahawa mezani anatoka nje na soksi kusikiliza. Kuanzia hapo nyumba si yako tena. Hema la turubai linatandazwa uani likaguliwe matundu. Mabomba ya jiko la bati yanasimama sebuleni kama wageni waliokosa viti. Na friza yangu haina nafasi hata ya kipande cha barafu, kwa sababu mimi ndiye ninayepika chakula cha kambi. Sipandi nacho mlimani. Napika, nagandisha, nafunga, nawapungia mkono, narudi ndani kwangu kwenye ukimya wa siku nane, na siku hizo nane nisingeziuza kwa mtu. Mwaka juzi ilikuwa vuli ya arobaini na moja.

Mchuzi naugandisha kwenye vyombo vya kuokea mkate ili utoke kama matofali. Matofali yanapangika vizuri sandukuni na yanapoza vitu vingine. Kila tofali nalibandika utepe wenye siku yake: Jumatatu nyama na viazi, Jumanne maharage ya pilipili pamoja na mikate ya mdalasini, kwa kuwa maharage ya pilipili bila mkate wa mdalasini kwetu ni adhabu. Kule juu kazi inabaki kupasha moto tu.

Lakini kupasha moto nako kuna mwenyewe. Huyo ndiye anayeshika upawa. Wenzake wanaondoka na bunduki kabla hakujapambazuka. Yeye anabaki kambini kukata kuni, kuchota maji kijitoni, kuosha sahani na kulinda chakula kisije kikaliwa na dubu. Na namna ya kuupata upawa ni moja tu, aliyoiweka baba mkwe wangu, mzee Hosmer, mtu wa maneno machache na sheria nyingi. Alisema: anayelalamikia chakula ndiye anayeshika upawa. Upawa hauombwi, upawa haurudishwi. Sheria inaanza pale sanduku la kwanza linapotundikwa kwenye mizani, inakwisha nyumbu wakisharudi zizini.

Mume wangu Delwin alinaswa miaka kumi na tisa kabla ya Jumamosi ile. Wakati huo upawa ulikuwa kwa kaka yake, Clell. Clell alijitia kuchemsha maharage makavu kule juu, mahali ambapo maji yanachemka upesi lakini hayaivishi, na Delwin akauma moja akasema linafaa kupakiwa kwenye bunduki.  Wanasema Clell alivua aproni taratibu, akaja nyuma ya mdogo wake, akamfunga kiunoni, akapiga fundo mara mbili. Tangu siku hiyo anamwita Mama wa Kambi. Miaka kumi na tisa, Sikukuu ya Shukrani, misibani, mbele ya mchungaji: Mama wa Kambi. Na katika miaka hiyo yote hakuna aliyelalamika tena. Watu wamekula biskuti zilizoungua mpaka zikalia kama bati, wakasema asante.

Basi. Mwaka juzi, mwezi wa sita, matokeo ya bahati nasibu ya vibali vya kuwinda yakatoka. Delwin alikuwa ameomba kibali cha dume kwenye mlima wetu miaka kumi na minne mfululizo, na miaka kumi na minne mfululizo ameambiwa pole. Safari hii jina lake likatoka. Aliitazama simu, akaivua miwani, akaifuta, akatazama tena. Kisha akaiweka simu kifudifudi mezani akaenda kuwapa kuku maji, ambao walikuwa wameshapewa.

 Mimi nimelala na mtu huyu miaka yote hiyo, namsoma mgongo. Akaanza kupanda kilima cha nyuma ya banda kila asubuhi amebeba mfuko wa chakula cha kuku begani, mzima, haujafunguliwa, akishuka goti la kushoto limevimba. Daktari alikuwa amemwambia goti hilo litabidi libadilishwe majira ya baridi, na baada ya hapo milima ataitazama dirishani. Kwa hiyo ilikuwa vuli hiyo au basi tena. Dume moja, kibali kimoja, goti moja. Na yeye angekaa kambini na sufuria.

Nikamwambia azungumze na kaka yake. Akanitazama kana kwamba nimemwambia aende kanisani bila suruali. Hauombwi, akasema, haurudishwi. Nami nikasema mzee Hosmer yuko kaburini zamani. Akasema ndiyo maana, hayupo wa kumwomba ruhusa.

Mwishoni mwa Agosti nilikuwa namenya mahindi barazani, akaja akakaa karibu yangu, akamenya mahindi mawili. Delwin hamenyi mahindi. Nikajua kuna kitu.

"Ule mchuzi wa siku ya kufunga mizigo," akasema. "Hauwezi ukawa mbaya kidogo?"

Nikamuuliza mbaya namna gani.

"Mbaya wa kumfanya mtu aseme."

Nilinuna siku mbili. Usinicheke. Mimi shule niliishia darasa la nane. Sikuwa na cheti cha kutundika ukutani, nilikuwa na mchuzi wangu. Watu wa bonde zima wanajua. Clell mwenyewe, mkewe Lavon alipofariki, nilimpelekea sufuria kila Alhamisi mwaka mzima, na kila Ijumaa sufuria ilirudi imeoshwa ikang'aa. Sasa niuharibu kwa mkono wangu? Siku ya tatu nilimwona Delwin akishuka kilimani akishika mti hadi mti. Nikamwita. Nikamwambia mchuzi wa siku moja tu, ule wa mchana wa kufunga mizigo. Ya kwenda mlimani siigusi, hata aje malaika. Akakubali upesi sana.

Jumamosi ikafika. Clell akaja na pikapu yake, na bintiye Marlys akafuata nyuma akivuta trela la nyumbu. Marlys ni dereva wa basi la shule, na analenga shabaha vizuri kuliko baba na baba mdogo wakiunganishwa. Mwaka huo alikuwa na kibali cha jike, na Clell vilevile. Nyumbu ni wawili, Pansy na Gus. Pansy ni mpole. Gus ana maoni.

Kufunga mizigo ya nyumbu si kujaza tu. Kila mnyama anabeba masanduku mawili, moja huku moja kule, na lazima yawe sawa, tofauti isizidi ratili moja. Yakipishana, tandiko linakwenda upande, ngozi inachubuka, na mnyama kama Gus hatakuambia mara mbili. Kwa hiyo tunayo mizani ya kuning'inia kwenye boriti ya banda, na kila sanduku linatundikwa, linasomwa, linashushwa, linatolewa kitu, linatundikwa tena. Marlys ndiye msomaji. Delwin anaandika kwa chaki ukutani. Tuna jiwe moja la mtoni, ratili nne kamili, ambalo limekwenda mlimani na kurudi tangu enzi za mzee Hosmer, kazi yake kusawazisha tu. Nadhani jiwe hilo limeona elki wengi kuliko mimi.

Sanduku la kwanza likapanda, mabati ya jiko na shoka. "Sheria imeanza," Marlys akatangaza. Delwin akanitupia jicho. Mimi nikatazama mbayuwayu.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka sanduku la Clell. Lilizidi mwenzake kwa ratili kumi na moja. Marlys akalishusha akaanza kulifukua, na kila alichotoa alikiinua juu kama mnadani. Kikaango cha chuma. Kikaango kingine, kidogo, chenye mfuniko. Unga, mfuko mzima. Kisha akatoa soksi nene ya sufu iliyofungwa mdomo, na ndani ya soksi mtungi wa kioo, na ndani ya mtungi kitu cheupe kinachopumua mapovu.

"Baba, tunakwenda kuwinda au unakwenda kufungua hoteli?"

Clell akauchukua mtungi mikononi mwake, akalegeza kifuniko kidogo. Ilikuwa chachu ya mkate ya marehemu Lavon. Alisema lazima ilishwe unga kila siku, akiiacha siku nane itakufa, basi. Marlys alikuwa amefungua mdomo wa kutania zaidi, akaufunga. Akairudisha soksi vizuri, akauweka mtungi katikati ya mashati ili usivunjike. Halafu akaona kisanduku cha risasi, akakitikisa.

"Tatu tu?"

"Dume moja linahitaji ngapi?" akajibu Clell.

"Wewe una kibali cha jike. Na mwaka jana lilikutoroka."

"Basi hili nalo litoroke, sitakuwa na mzigo wa risasi."

Wakacheka, na mimi nikacheka. Jiwe la mtoni likahamishiwa upande wa pili, pamoja na kopo la kahawa na shoka dogo, mizani ikatulia. Sikufikiri zaidi. Mawazo yangu yalikuwa jikoni.

Saa sita nikawaita. Nilitandika kitambaa kizuri, kwa aibu nadhani. Nikapakua. Nyama ilikuwa laini, karoti nilizikata mshazari, viazi havikuvunjika. Ukiutazama ule mchuzi ungeutolea posa. Nikakaa mwisho wa meza na bakuli tupu, nikasema nimeshiba harufu.

Marlys akaanza. Kijiko kiliingia, kikatoka, akatulia. Macho yake yakaenda dirishani, yakakaa huko kwa muda. Akanywa maji glasi nzima. Kisha akanigeukia kwa upole wa mtu anayemwambia mgonjwa habari.

"Mama mdogo," akasema, "leo umepika kwa moyo wako wote."

Delwin akala kijiko kimoja kuonyesha mfano, machozi yakamlenga. Wote tukamtazama Clell.

Clell alikula. Nakuambia alikula kama mtu anayelipwa. Kijiko baada ya kijiko, kichwa chini, masikio yakibadilika rangi. Alimaliza viazi, akamaliza karoti, akachukua mkate akapangusa bakuli mpaka maua yaliyochorwa chini yakaonekana. Akanywa maji glasi nne. Halafu, Mungu ni shahidi, akanyoosha bakuli kwangu.

"Shemeji, niongeze kidogo."

Delwin akashindwa kuvumilia. Akamuuliza kaka yake kama haoni, labda, pengine, kuna chumvi. Marlys akainua kidole upesi: ba'mdogo, angalia, wewe ndiye mwenye upawa, ukilalamika unajifunga tena, na safari hii tutakuandikia miaka ishirini. Delwin akasema yeye hajalalamika, ameuliza. Clell akasema chumvi ni nzuri kwa mishipa. Marlys akasema hata nyumbu wanapewa donge la chumvi walambe na hawajawahi kulalamika.

Na mimi hapo, mwisho wa meza, kuna kitu kikanipanda taratibu kifuani. Maana niliwaza hivi: kama mtu huyu anaweza kula maji ya bahari na kuomba zaidi, basi sifa zake zote za nyuma zina maana gani? Zile Alhamisi? Zile sufuria zilizong'aa? Vuli arobaini na moja za "asante, shemeji, mtamu," nilikuwa nimepika au nilikuwa nimepikiwa maneno? Nikalivuta bakuli la Marlys, nikachota, nikaweka mdomoni. Ulimi ulijikunja kama jani.

"Mchuzi huu," nikasema, "haufai hata kumwagiwa mbwa."

 

Marlys ndiye aliyeanza kucheka, kwanza kwa pua, kisha akalaza kichwa mezani. Alipopata pumzi akainuka, akaenda kwenye ndoana nyuma ya mlango ambapo upawa wa mzee Hosmer unatundikwa, ule wa bati wenye mpini uliopinda, akauleta kwa mikono miwili akaulaza mbele yangu.

"Mama mdogo, umelalamikia chakula. Sanduku la kwanza limeshatundikwa. Hongera."

Nikasema mimi simo kambini. Akasema sheria haikusema mtu wa kambini, imesema anayelalamika. Nikawatazama wale wanaume wawili, na wote wawili, wazee wenye mvi mpaka kwenye nyusi, walikuwa wakiutazama upawa kwa uzito wa mahakama. Hawakuwa wanatania. Sheria ya baba yao ni sheria ya baba yao.

Basi nikaanza kuona safari yangu. Maili kumi na moja juu ya farasi na nyonga hii. Kulala kwenye kitanda cha turubai, theluji juu ya hema, dubu akinusa matofali yangu ya Jumanne. Miaka sabini na moja ninayo. Na siku zangu nane za ukimya, na matofaa yangu ya kutengeneza jamu yamejaa ndoo mbili kibarazani.

Delwin akakohoa. Aliuvuta upawa ukateleza kwenye kitambaa mpaka mbele yake, akasema mke wake hapandi mlimani na nyonga hiyo, iwe sheria isiwe sheria. Kama upawa haurudishwi, basi hajaurudisha. Anaendelea nao, mwaka wa ishirini. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesema mvua itanyesha. Akaongeza kwamba dume naye ana miguu, huenda akapita karibu na hema. Chini ya meza nilimwona anajisugua goti.

Ndipo nikakasirika kweli. Nikawaambia yote. Kwamba chumvi niliitia mimi, kikombe kizima, kwa kuombwa na mwanamume huyu aliyebeba chakula cha kuku kilimani miezi miwili kwa ajili ya dume moja, na hana ulimi wa kumwambia ndugu yake wa tumbo moja. Na wewe Clell, nikamgeukia, umekula bakuli zima ukaomba la pili, badala ya kusema neno moja tu, chumvi, neno dogo, mtoto angelisema. Nikamuuliza alikuwa anaogopa nini. Kwani kukaa kambini kunaua?

Clell alikuwa ameshika ukingo wa bakuli lake kwa vidole viwili akilizungusha.

"Nisingeweza kulalamikia chakula chako, shemeji," akasema. "Si baada ya zile Alhamisi."

"Hata kwa chumvi hiyo?"

"Nilikijua ni kibaya kabla sijaketi. Delwin alikuwa ananitazama kama paka."

Marlys akamwambia baba, basi ungelalamikia hata maji. Lakini alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa anatazama nje kupitia dirishani, kule bandani, ambako sanduku lile lilikuwa wazi. Nami nikageuka nikatazama alikotazama. Vikaango viwili. Unga mfuko mzima. Risasi tatu. Nikakumbuka jike lililomtoroka mwaka jana, na lile la mwaka juzi yake, na kwamba Clell hajaleta nyama nyumbani tangu tulipomzika Lavon. Mtu ambaye zamani hakukosa.

"Baba," Marlys akasema taratibu, "yale majike hayakukutoroka, sivyo?"

Clell akatikisa kichwa. Akaeleza kidogo, kwa vipande, akilielezea bakuli. Jike lilisimama mwaka jana hatua themanini, ubavu wote wazi, akaweka jicho, halafu akateremsha bunduki akakaa juu ya gogo mpaka miguu ikafa ganzi, akiwaza kwamba saa hizi mdogo wake yuko kwenye moto na anaunguza biskuti. Lavon alimfundisha biskuti miezi ya mwisho, yeye amelala kwenye kochi akimwelekeza kwa kidole. Kila usiku anailisha ile chachu, na kila asubuhi anaoka mkate mzima ambao hana wa kula naye. Lakini mtu atasemaje? Amemwita mwenzake Mama wa Kambi miaka kumi na tisa.

Hapo Delwin akausukuma upawa. Haukuwa umerudishwa, angalia, uliteleza tu kwenye kitambaa, mpaka ukagonga bakuli la kaka yake ukatoa mlio mdogo.

"Sijakusikia ukiomba, kaka," akasema.

Clell akautazama. Masikio yalikuwa bado mekundu kwa chumvi. Akaufuta mpini kwa mkono wa shati, akaushika vizuri, kama mtu anayepima uzito wake.

"Nataka kupika," akasema. "Miaka mitatu sasa, nataka kupika tu."